Popobawa hayupo

Mwaka 1995 nilikuwa na miaka 14, na kwa wiki kadhaa Pemba nzima ililala nje kwa kumhofia popobawa, jini aliyesemekana kuwavamia usiku watu waliolala ndani. Nasema nzima, ingawa kwa haki yao wapo waliojifungia ndani wakasoma Yasini mpaka alfajiri. Sisi kwetu tulilala uani juu ya mikeka, moto ukiwaka katikati, wanaume upande wa mlangoni, na sisi watoto tumebanwa baina ya bibi na mashoga zake. Marehemu baba alikuwa mwalimu wa skuli, mtu asiyependa upuuzi. Kila usiku baada ya Isha alitoka, akasimama mbele ya moto, akasema kwa sauti ya darasani: "Popobawa hayupo! Nasema hayupo!" Na kila aliposema hivyo bibi alituvuta karibu zaidi. Usiku wa nne au wa tano baba mwenyewe alitoka na mkeka wake kwapani. Hakusema kitu, na sisi hatukumuuliza.

Mkasa huu ulinirudia mwaka juzi nikiwa kwenye semina Chake Chake, nikacheka peke yangu ukumbini mpaka mkufunzi akasimama. Lakini kwanza nieleze nilifikaje kwenye semina yenyewe.

Mimi nasomesha skuli ya msingi Wete. Kwa miaka mitano sasa, siku za mapumziko, najitolea na kikundi kidogo cha kinamama. Tunakwenda vijijini kuzungumza juu ya mali ambayo mwanamke ameichuma akiwa ndani ya ndoa. Jambo lenyewe kila Mpemba analijua, maana kila familia ina mmoja wa namna hiyo: kafanya kazi miaka ishirini, nyumba imesimama, siku moja inakuja karatasi ya talaka, naye anatoka na sufuria zake, kanga zake na mtoto wa mwisho. Shangazi yangu alitoka hivyo. Alichukua na ungo wake, akasema mwenye nyumba hajui kupepeta.

Sheria ipo. Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya 2017, iliyochukua nafasi ya ile ya 1985, inampa Kadhi nafasi ya kugawa mali ya wanandoa pale penye mchango wa dhahiri. Neno hilo "dhahiri" ndilo lililotutoa majumbani mwetu. Mwanamke anafika mbele ya Kadhi, anaulizwa mchango wako uko wapi, anabaki kuangalia mikono yake. Risiti ya saruji ina jina la mume. Karatasi ya kununulia kiwanja, iliyopigwa muhuri kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, ina jina la mume na mashahidi wawili, nao wote ni ndugu zake.

Basi tulianza kazi kwa bidii na kwa ujinga mkubwa.

Safari yetu ya kwanza ilikuwa kijiji kimoja cha upande wa Micheweni. Mradi ulitupa fulana zilizoandikwa kifuani HAMSINI KWA HAMSINI. Tuliwakuta wanaume barzani alasiri, kahawa imeshapita mkono wa pili, nasi tukajipanga mbele yao kama timu ya mpira. Sikuwahi hata kumaliza salamu zangu ndefu. Mzee mmoja aliyekuwa akishona jarife, wavu wa kuvulia, akauliza bila kunyanyua macho: "Hamsini ya nini, mwalimu? Ya nyumba au ya kitanda?"

Barza nzima ikaanguka kicheko. Nami, badala ya kucheka nao, nikajibu. Nilisema hatukuja kuvunja ndoa za watu. Nikasema hatupingi dini. Nikasema haya si mambo ya kizungu. Sentensi tatu, na hakuna hata moja iliyokuwa yangu; zote nilizikopa kwenye vinywa vyao kabla hawajazisema. Hakuna mtu pale aliyekuwa ametaja dini. Niliitaja mimi.

Wiki iliyofuata nilikuwa sokoni Wete nanunua dagaa. Muuzaji, kijana wa kule kule, aliniangalia, akatabasamu kwa adabu kabisa: "Mwalimu, si nyinyi mliokuja juzi? Wale wavunja ndoa?" Hakuwa na ubaya wowote. Alilisema kama unavyosema wale watu wa sensa, wale watu wa chanjo. Jina tulishapewa, na aliyelipeleka kijijini ni mimi, kwa mdomo wangu.

Sasa semina. Mkufunzi alikuwa mama wa makamo kutoka Unguja, mpole, mwenye projekta iliyokataa kuwaka mpaka adhuhuri, jambo ambalo naona lilitusaidia. Alituambia fumbeni macho, kisha akasema: "Msimfikirie tembo." Hili si lake, alikiri mwenyewe. Limetoka kwa George Lakoff, mtaalamu wa lugha wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiwaambia watetezi wa mabadiliko wa nchini kwao kwamba ukilikataa jambo kwa kulitaja, umelitia kichwani mwa msikilizaji. Kichwa hakina pahala pa kuwekea "si". Kinamuona tembo tu.

Hapo ndipo niliposikia sauti ya baba mbele ya moto, nikacheka. Mkufunzi aliponiuliza nilisimulia, na ukumbi mzima ukawa wa popobawa kwa nusu saa, kila mmoja na usiku wake. Tembo hakutajwa tena. Mpemba hamjui tembo.

Alitupa mifano mingine ya Marekani. Rais Richard Nixon, 1973, katikati ya kashfa ya Watergate, alijitokeza kwenye televisheni akasema yeye si mwizi, na tangu siku ile watu wakimtazama wanaona mwizi. Agosti 1974 akajiuzulu. Na kuna kodi moja kule inayotozwa kwenye mirathi ya matajiri wakubwa tu. Wapinzani wake wakaipa jina la "kodi ya kifo", na mtu asiye na hata kiwanja akaanza kuiogopa, maana kufa kila mtu atakufa. Waliokuwa wakiitetea kodi hiyo wakaanza nao kujibu kuhusu "kodi ya kifo". Wamekwisha.

Nilikaa nikafikiri: bibi zetu haya waliyajua bila projekta. Nimezaliwa na kukulia katika nyumba ambayo maneno mazito yalisemwa kwa kanga, na sijapata kuona kanga iliyoandikwa "Mimi si mwizi". Jina la kanga linasema lake na kupita. Anayehusika atajijua.

Na hata siasa za hapa kwetu, ukizitazama vizuri, mara moja angalau neno lilifanya kazi ya askari mia. Wenye umri wangu wanakumbuka. Kabla tulikuwa na muafaka baina ya vyama vya CCM na CUF: muafaka wa 1999, kisha muafaka mwengine wa Oktoba 2001, uliokuja baada ya damu ya waandamanaji ya Januari ya mwaka ule. Kufika 2008 neno lenyewe lilikuwa limechoka. Ukilitaja barzani, watu wanacheka kwa pua. Halafu Novemba 2009 Rais wetu wa Zanzibar, Amani Karume wa CCM, na Maalim Seif wa CUF wakakutana Ikulu, na likaja neno jengine: maridhiano. Muafaka ni wa wanasheria, una vifungu na saini. Ridhaa ni ya nyumbani. Mke na mume huridhiana, ndugu waliogombea shamba la mikarafuu huridhiana, na ukishamridhia mtu huna haja ya kueleza kifungu cha ngapi. Tarehe 31 Julai 2010 tukapiga kura ya maoni juu ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Sidai kwamba ni neno peke yake; yalikuwepo mazungumzo, uchovu, hofu ya uchaguzi mwengine wa mabomu ya machozi. Lakini bibi yangu, ambaye hakuwa akijua hata ibara moja ya Katiba, aliniambia asubuhi ile anakwenda kupiga kura "ya watu kupatana", akajifunga kanga mpya. Yaliyofuata 2015, uchaguzi ulipofutwa, kila mtu anayajua. Maneno nayo huchakaa, kama kanga hizo hizo.

Basi tuliporudi kutoka Chake tulikubaliana fulana ziwe za kulalia. Na sisi wenyewe tunyamaze kwanza. Nilichukua likizo ya skuli, nikaenda kukaa bamvua moja zima, siku za maji makubwa, kwa jamaa zangu kule kule Micheweni, nikawa natoka na kinamama kwenye mwani.

Wanaouona mwani kwenye picha za uchumi wa buluu wanaona kamba zilizonyooka na maji ya feruzi. Mimi nimeona mikono. Mama niliyefuatana naye aliketi mchangani na rundo la mbegu, anakata kijiti cha mwani, anakifunga kwa taitai kwenye kamba, shubiri moja, anafunga kingine, bila kuangalia, huku akinihadithia harusi ya mwanawe. Ncha za vidole zimepasuka kwa chumvi, na kila akikaza fundo mpasuko unafunguka kidogo, ukifunga unafunguka tena. Maji yakitoka tunakwenda mpaka kiunoni, kamba begani, tunatafuta vigingi vyake. Kamba mbili zimeliwa na samaki tasi, zimebaki tupu kama nyuzi za kuanikia nguo. Hakutukana. Alisema tu "Wameshiba hao," akafunga nyengine. Huo ni mwani wa aina ya spinosamu. Kotonii, wenye bei nzuri zaidi, umemshinda kwa sababu maji ya ufukweni yamekuwa moto, unaoza ukiwa bado kwenye kamba. Baada ya wiki sita hivi atauvuna, ataubeba kichwani ukiwa unachuruzika maji mgongoni, atauanika, na mvua ikipiga hapo kati umeharibika. Gunia lililokuwa zito kama mtoto wa miaka kumi linakauka likawa la kubebwa kwa mkono mmoja. Ndipo mnunuzi anakuja na mizani yake.

Jioni alinipeleka kwake, na hapa ndipo nilipopata nilichokuwa nikikitafuta bila kukijua. Nyumba ya matofali, haijapigwa plasta, kozi zote, yaani safu za matofali, zinahesabika. Alisimama mbele ya ukuta kama mwalimu mbele ya ubao. "Kutoka msingi mpaka hapa dirishani, mwani. Mwaka ule karafuu hazikuzaa. Kutoka dirishani mpaka kwenye linta, karafuu za baba watoto, na mwani kidogo. Bati," akanyanyua kidole, "bati ni mwani mtupu." Mumewe alikuwa amekaa kizingitini anamenya muhogo. Nikamtazama nikingojea ugomvi. Akasema: "Na milango. Milango nayo ni mwani, umesahau."

Nilirudi barzani siku ya tatu, bila fulana, na yule mama. Mzee wa jarife alikuwepo, na jarife lake bado halijamalizika. Sikutaja haki. Sikutaja hamsini. Niliuliza tu nyumba za kijiji hiki zimejengwa na nini. Wakaanza wao: hii karafuu, ile dago la uvuvi la baba yake, ile mtoto wake yuko Oman. Yule mama akasema yake ni mwani mpaka dirishani. Wanaume wawili watatu wakaanza kuhesabu kozi za nyumba zao kwa sauti, kama wanaoshindana, na mmoja akasema yake mwani umepita mpaka kwenye linta, akijivunia kabisa.

Hapo ndipo nikauliza: na imeandikwa wapi?

Kimya kidogo. Nikataja aya ya 32 ya Suratun Nisaa, kwamba wanaume wana fungu katika walichokichuma na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Sikuitaja kama ngao, kama nilivyofanya mara ya kwanza kwa kusema hatupingi dini. Niliitaja kwa kuwa ndiyo inayosema jambo lenyewe, na kila mtu pale aliisoma chuo cha Kurani akiwa na miaka tisa. Kisha mzee mmoja, si mimi, akaikumbusha ile aya ndefu kupita zote katika Suratul Baqara, ya kuandikiana deni. Kijana mmoja akapinga: mwanamke akiandikwa jina atakuwa na kiburi, atamwacha mume. Ulimi wangu ulishafika nusu ya "hapana, hatawaacha". Niliung'ata. Wallahi niliung'ata. Na mzee wa jarife, bila kunyanyua macho kama desturi yake, akasema: "Muuza kamba unaandikiana naye, mkeo humwandiki?"

Sitaki kudanganya kwamba kijiji kimegeuka. Waliokwenda kwa sheha mwezi ule ni nyumba nne. Wengine walisema watafikiri, na Mpemba akisema atafikiri usimngojee na chakula. Lakini nilipokutana tena na yule kijana wa dagaa sokoni aliniuliza: "Mwalimu, yale mambo ya kuandika mwani mnakuja lini kwetu upande wa pili?" Kuandika mwani. Jina jipya, na hili hatukulitunga sisi.

Kuna mambo mawili yananiudhi bado.

La kwanza ni lugha yetu wenyewe, watu wa vikundi. Tukikaa ofisini tunasema wadau, mtambuka, kuwajengea uwezo, kisha tunapanda gari ya kwenda vijijini Konde tukiwa nayo mdomoni vile vile. Nani aliyewahi kumwambia mkewe nyumbani "nakujengea uwezo"? Na wapo wenzetu ambao njia yao ya kuwaridhisha watu ni kusifu: mwanamke ni mama wa taifa, mwanamke ni ua la nyumba. Makofi yanapigwa. Ua halijapewa hati.

La pili ni zito, na aliyelisema ni binti mmoja mwanasheria katika kikundi chetu, mdogo kwangu kwa miaka ishirini. Aliniambia nimepata barza kwa kupoteza nusu ya wanawake. "Shikamoo mwalimu," alianza, na mtoto akianza na shikamoo katikati ya mazungumzo ujue kuna linalokuja. "Yule wa mwani ana ukuta wa kuonesha. Yule aliyezaa tisa, akapika, akauguza wakwe wawili, hakukanyaga bahari hata siku moja, kozi yake ni ipi?" Nilikaa kimya. Anayo haki. Picha ya ukuta inashika watu kwa sababu inaonekana, na kwa sababu hiyo hiyo inamficha asiyeonekana. Tumezozana naye mara tatu tangu hapo. Yeye anasema tuanze na sheria ibadilike, neno "dhahiri" lipanuliwe. Mimi nasema twende na kinachoingia masikioni mwa watu leo. Hatujakubaliana, na sidhani kama mmoja wetu amekosea.

Nilikuwa nikiliwaza hilo wiki iliyopita nyumbani kwangu. Mwalimu wa kuandikisha watu, na karatasi ya nyumba yetu Wete ina jina la mume wangu peke yake. Miaka mitano nahubiri kwengine. Usiku, baada ya watoto kulala, nikatoa daftari la mistari nikaanza kuandika: saruji mifuko 40, mshahara wangu wa miezi saba. Mabati 22. Nondo. Fundi wa milango, nusu.

Mume wangu alikuja na kikombe chake cha chai ya tangawizi akaketi, akalivuta daftari. Alisoma polepole, miwani kwenye ncha ya pua. Nilijitayarisha kwa maneno yote ya semina.

"Mabati yalikuwa 24," alisema. "Mawili yaliibiwa."

Nikasahihisha.

Akaendelea kusoma mpaka chini, akageuza ukurasa kuona kama kuna kingine, akaurudisha. "Na maji hukuandika."

"Maji gani?"

"Ya zege. Mfereji ulikuwa haujafika. Ndoo zote zile kutoka kisimani, mimba ya huyu mkubwa tumboni, nani aliteka?"

Nikaandika: maji. Upande wa bei nikaacha wazi.